Chumba cha Watu Wawili

Msichana huyu alikuwa na sharti moja tu juu ya chumba tulichokuwa tukimtafutia: kienee vitanda viwili. Dirisha hakulijali. Maji ya kuchota mbali hakuyajali. Tulipita vichochoro vya Kuze na Kibokoni, mimi nikipiga hodi na yeye yu nyuma yangu, na kila mlango uliofunguliwa aliingia, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu apimaye kitambaa. Kisha hutikisa kichwa, tukatoka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Rabai kwa kuzaliwa, lakini niliolewa Kuze, na mume wangu alipofariki nilibaki palepale katika nyumba ya wakwe zangu, nikishona nguo za watu. Kushona ndiko kulikonipeleka kwenye ile nyumba ya watoto mayatima, iliyokuwa ndani ya Mji wa Kale, si mbali na kwangu. Waliniita nikawafundishe wasichana cherehani. Mkuu wa nyumba, mama mmoja mwenye haraka nyingi na moyo safi, aliona kwamba wasichana wakubwa walikuwa wakinifuata hata somo likiisha, akanipa kazi nyingine juu ya ile: kuwatayarisha waliokaribia miaka kumi na minane. Sheria ilikuwa kwamba mtu akifika umri huo anatoka, aende akajitegemee, na kitanda chake apewe mtoto mwingine. Waliokuwa wakingoja kitanda hawakuwa wachache.

Kujitegemea. Wajumbe wa kamati ya nyumba ile walilitamka neno hilo kama watu wanaoagiza chai. Mtoto aliyelelewa kwa kengele, kengele ya kuamka, kengele ya chai, kengele ya kuoga, hajui njaa yake mwenyewe huja wakati gani. Nilikuwa na wasichana ambao hawajapata kushika ufunguo wa mlango wowote. Niliwapeleka Marikiti kununua nyanya, wakatoa bei ya kwanza waliyotajiwa bila kusema neno, muuza akashangaa, akawaongezea pilipili kwa huruma. Niliwafundisha kuwasha jiko la makaa, kupika wali wa mtu mmoja, kwa sababu wao walijua wali wa sufuria ya kubebwa na watu wawili. Niliwafundisha kwamba katika mitaa yetu jirani akikuletea sahani, hairudi tupu. Niliwafundisha kwenda hospitali peke yao na kueleza panapouma bila kumtazama mtu mwingine awajibie.

Huyu msichana wangu alikuwa anayajua mengi ya hayo kabla sijafungua mdomo. Yeye na mdogo wake walitoka Kibarani. Mama yao aliishi kwa kuokota chupa na mabati jaani pale, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Siku walipoletwa, yeye alikuwa wa miaka kumi au kumi na mmoja, hakuna aliyejua sawasawa, na mgongoni alikuwa amefunga mtoto mchanga kwa leso. Bawabu, aliyekuwepo siku hiyo, aliniambia kwamba ilichukua nusu ya asubuhi kumbembeleza aifungue ile leso. Alipoifungua, mtoto alipelekwa chumba cha wachanga, naye akapelekwa kwa wakubwa, ghorofa ya juu. Miaka yote aliyokaa mle, kitu cha kwanza alichofanya kila asubuhi ni kushuka ngazi kwenda kuhakikisha mdogo wake ameamka.

Sasa yule mtoto alikuwa wa miaka saba, na mbele ya watu alimwita msichana wangu dada, maana walezi walikuwa wamemkataza kumwita vingine. Lakini nilipata kuwasikia wakiwa wawili tu penye kamba ya nguo. Alimwita mama, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopeana peremende kwa siri.

Kwa hivyo chumba kilikuwa cha watu wawili. Mkuu alikuwa amemwahidi hivi, nami nikiwa nimekaa hapo hapo: "Ukipata pa kukaa pa heshima, na kazi, ukatulia mpaka tuone kweli umetulia, tutazungumza juu ya mdogo wako." Msichana hakulisikia lile neno tutazungumza. Alisikia atapewa. Mimi nililisikia, nikajiambia kwamba mkuu ni mtu mwema.

Chumba tulikipata karibu yangu, kwa ajuza mmoja wa watu wa Kuze wa asili, ambaye nyumba yake ya chokaa ilikuwa kubwa kuliko aila iliyobaki ndani yake. Alitupokea amekaa ukumbini, akampima msichana kwa macho kuanzia kisigino.

"Mtoto wa nani huyu?" akaniuliza.

"Ni wa kwetu, Bi Mkubwa, wa nyumba ya watoto."

"Nimekuuliza mtoto wa nani. Sikukuuliza yuwakaa wapi."

Msichana akajibu mwenyewe. "Mama amekufa. Baba simjui. Nina mdogo wangu, na nina mwalimu huyu."

Ajuza alimpandisha macho mpaka usoni. Kisha akasema, "Na chumba kikubwa hivyo wakitakia nini?"

"Mdogo wangu atakuja."

"Atakuja lini?"

"Nikitulia."

Yule bibi alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na ubaya. "Mimi nna miaka hii yote na sijatulia," akasema, akamwita mtumishi alete ufunguo.

Kilikuwa chumba cha uani, dari yake ya boriti za zamani, kuta nene. Msichana alinyoosha mikono, akazunguka, hakutikisa kichwa.

Kazi aliipata upande wa Kilindini, katika ghala moja la kahawa, ambako wanawake walikaa chini kwa safu, kila mmoja na lundo lake, wakichagua punje mbovu na kuziweka kando. Alirudi jioni na vumbi kwenye kope. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, maana aliyekulia jaani amejifunza tangu utotoni kuona kitu kimoja ndani ya vitu vingi. Msimamizi alimpenda. Alinunua kitanda cha kamba, kisha cha pili, kidogo, kilichotengenezwa na fundi wa mtaani, akakitandika shuka na kukiacha hivyo hivyo. Nilipomtembelea hakunikalisha juu yake. Nilikaa pamoja naye kwenye kile kikubwa.

Siku za Ijumaa, baada ya alasiri, aliruhusiwa kumtembelea mtoto. Walikaa kwenye ngazi za mlangoni. Msichana alimkagua: masikio, kucha, kichwa. Alimuuliza amekula nini Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Alhamisi, na mtoto alijibu yote kwa utii. Bawabu alikuwa akikawia makusudi kutangaza kwamba wakati umekwisha.

Lakini hayakuwa maisha rahisi, nisidanganye. Mara kwa mara alikuja kwangu akasimama mlangoni bila kusema alichokuja kutaka. Siku moja nilimwambia, "Sema, mwanangu." Akasema, "Mle chumbani hakuna mtu anayepumua." Alikuwa amelala katika chumba cha wasichana wengi tangu utotoni, na kabla ya hapo katika kibanda cha mabati, mama upande huu na mtoto upande huu. Sasa kimya kilikuwa kinamtisha kuliko mwizi. Mwenye nyumba alinilalamikia kwamba amemkuta mara kadhaa amelala ukumbini, kwenye mkeka, karibu na mlango wa chumba chake yeye ajuza. "Mwambie ana kitanda," aliniambia. "Ana viwili."

Nilimwambia msichana avumilie. Mtoto akija, kutakuwa na anayepumua.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, ghala likawaachisha vibarua wote siku moja. Hatukuwa tumelitarajia. Mimi mwenyewe sikujua kwamba kazi ile ina msimu, na wale wanawake wazoefu hawakuona haja ya kuambizana jambo ambalo kila mmoja wao alilijua. Msichana alizunguka magodauni yote, akazunguka na maduka ya Barabara ya Biashara, akarudi amekonda. Nikamwambia, "Wajua kukanda unga?" Akasema, "Wa watu wengi tu." Nikamwambia huo ndio tunaoutaka.

Tukaanza mahamri. Nilimfundisha kutia tui na iliki, kuuacha unga uumuke, kukata pembe tatu. Mwenye nyumba alitoa karai lake kuukuu la shaba na ruhusa ya kuuza barazani, jambo ambalo majirani walilistaajabia, kwa sababu lile baraza halikuwa limekaliwa na mchuuzi tangu zama za mumewe. Mahamri yalikuwa mazuri. Watoto wa madrasa walinunua, makarani waendao bandarini walinunua. Mkuu wa nyumba ya watoto nilipomweleza alitabasamu, akasema, "Basi huyo amejua kusimama." Nilitoka pale nikitembea upesi kama msichana.

Ndipo zikaja mvua.

Mwaka huo masika yalinyesha kana kwamba kuna mtu alikuwa na deni la maji. Vichochoro vilikuwa mito. Kuni na makaa yalilowa, wateja hawakutoka, unga uliingia ukungu. Na ile nyumba ya chokaa, iliyokuwa imesimama tangu kabla ya sisi sote, ilianza kunywa maji. Jumatatu moja alasiri, msichana akiwa kwangu amekuja kuazima chungio, tulisikia mshindo na kelele za mtumishi. Tulikimbia. Boriti mbili za dari ya chumba chake zilikuwa zimekatika, na ukuta mmoja ulikuwa umemwagika ndani. Kitanda kikubwa kilikuwa chini ya mawe. Kile kidogo kilikuwa kimekingwa na pembe ya ukuta uliobaki, shuka yake imejaa udongo mweupe. Msichana alipanda juu ya kifusi, akaikung'uta ile shuka, akaikunja, akaiweka kifuani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama uani mvua inamnyea, anasema, "Alhamdulillahi hakuna mtu, alhamdulillahi hakuna mtu," na meno yake yanagongana.

Kuanzia hapo msichana alilala ukumbini, kwa idhini safari hii. Fundi aliitwa, akasema hawezi kugusa chokaa mpaka mvua ikatike.

Na juma lilelile ndilo wajumbe wa kamati walilolichagua kwenda kumkagua. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaume wawili wenye kanzu safi, wamekunja pindo kwa sababu ya matope. Walimkuta akipika mbaazi kwenye jiko ukumbini, virago vyake katika kapu, mkeka umeegemezwa ukutani. Waliomba kuonyeshwa chumba, wakaonyeshwa mawe. Mwenye nyumba aliwaambia kwa hasira kwamba hilo lilikuwa jambo la Mungu na litarekebishwa. Walimwitikia kwa adabu. Mmoja wao alimuuliza msichana, "Na kazi?"

"Nauza mahamri."

"Leo umeuza?"

"Leo mvua."

"Jana?"

Msichana aliutazama mlango. Nje mvua ilikuwa inajibu kwa niaba yake.

Siku iliyofuata mkuu aliniita. Alikuwa amefunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Aliniambia kwamba kulikuwa na mume na mke huko Malindi, watu wenye duka lao, wasiojaliwa mtoto, ambao tangu kabla ya Ramadhani walikuwa wameomba mtoto wa kike wa kulea. Walikuwa wamekuja, wamewaona watoto, na moyo wao umemwangukia yule mdogo. Kamati ilikuwa imewazuia kwanza, kwa ajili ya dada. Sasa imekubali.

Nilimwambia, "Mama, mngoje mvua ikatike. Hilo tu. Ukuta utajengwa."

"Na ukuta mwingine ukianguka mtoto amo ndani?"

"Atakaa kwangu. Wote wawili watakaa kwangu."

"Wewe una chumba kimoja kwa wakwe zako," akasema, kwa upole, "na nimeshawauliza."

Nikamwambia ulimwahidi. Akasema, "Nilimwambia tutazungumza." Kisha akalia. Nilikuwa sijapata kumwona akilia, na sikuweza kumchukia, ingawa nilitaka sana. Nilikwenda kwa mjumbe mmoja nyumbani kwake, nikampigia magoti mbele ya wake zake. Nilikwenda kwa mwingine dukani. Wote walinipa chai. Wote waliniambia kwamba mtoto atapata mama na baba, shule, kitanda chake, na je, mimi ninayejiita mlezi ningemnyima hayo? Nilijua tu kwamba alikuwa na mama tayari.

Walimchukua mtoto Alhamisi asubuhi, kusudi Ijumaa isije ikawa na kilio mlangoni. Hawakutuambia siku. Mimi nilifika kufundisha, nikamkuta bawabu amegeukia ukuta.

Ijumaa msichana alikuja baada ya alasiri kama kawaida. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na yeye alikuwa amefanikiwa kukaanga mahamri machache, ameyafunga kwenye kitambaa. Bawabu hakuweza kumwambia. Alimfungulia lango, akamwacha apite, na hilo peke yake lilimshtua, kwa kuwa siku zote walikaa ngazini. Nilikuwa nimemngojea ndani; tangu mkuu aliponiita sikuwa nimethubutu kumwambia lolote.

"Kalala wapi?" akaniuliza. Alidhani mtoto ni mgonjwa.

Nikamwambia. Sikujua namna ya kuzungusha maneno, nikamwambia kama ilivyokuwa.

Hakulia wala hakukaa chini. Alibaki ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, akaanza kuuliza.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la buluu."

"Lile lenye mkono mfupi?"

"Ndilo."

"Barabara ya Malindi ina upepo. Walimpa sweta?"

Nikasema sijui.

"Alikula kabla ya kuondoka?"

"Alikunywa uji."

"Wameambiwa kwamba masikio yake hayataki maji?"

Hilo nalo nikasema sijui. Akaweka mahamri juu ya meza ya cherehani, akatoka. Nilimfuata mpaka langoni nikimwita, lakini alikuwa anatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda mahali anapopajua.

Hakurudi kwa mwenye nyumba. Siku ya pili hakurudi. Nilikwenda ghala la kahawa, limefungwa. Nilizunguka Kilindini, nikiwauliza madereva wa malori, wakinijibu kwa heshima na kunitazama kwa huruma, mwanamke mzima anayetafuta msichana bandarini. Nilikwenda stesheni ya mabasi ya Malindi, nikiomba Mungu awe amepanda. Hakuna aliyemwona. Nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni, nikatambua kwamba nilikuwa nimejua tangu mwanzo alipo, na nilikuwa nazunguka kisiwa kizima ili nisifike huko.

Kibarani nilifika mchana. Kwa wasiopajua, ni pale kando ya daraja la Makupa ambapo mji ulikuwa ukimwaga taka zake, na taka zilikuwa zimefanya vilima, na vilima vilikuwa vinatoa moshi hata mvua ikinyesha. Kunguru walikuwa wengi kuliko watu. Watu walikuwepo, wanawake na watoto, wameinama. Alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na gunia, na gauni lilelile la Ijumaa, na miguu mitupu.

Aliponiona alisema, "Rudi, mwalimu. Utalichafua buibui lako."

"Nimekuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi?"

"Nyumbani."

Alitazama kile kilima, kama mtu anayelifikiria neno hilo kwa uangalifu. "Hapa hakuna anayekuja kukagua," akasema. Akainama tena.

Nilikaa juu ya gurudumu bovu, nikamtazama akifanya kazi. Sikuwa na fundisho. Mambo yote niliyomfundisha, bei za nyanya, ufunguo, wali wa mtu mmoja, niliyapitia kichwani na kuona hakuna hata moja linalofaa. Uliposikika mngurumo wa malori ya jioni nilimwachia chakula nilichobeba, nikaenda zangu. Kesho yake nilirudi. Na kesho yake. Alikula nilichomletea, hakunifukuza, hakuja nami.

Nikamweleza mwenye nyumba. Ajuza yule alikuwa hajavuka Makadara, mtaa wa jirani, kwa miaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaagiza teksi. Tulifika pamoja jaani, yeye na buibui lake la zamani, ameziba pua kwa ukingo wake, dereva anatuomba tufanye haraka. Alisimama chini ya kilima akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Wewe mtoto! Mvua imekatika. Fundi yuwatia boriti mpya. Chumba nimpe nani?"

Msichana aliinuka polepole. "Mpe yeyote, Bi Mkubwa. Kile kikubwa kwangu."

"Kikubwa hakimli mtu. Shuka."

Hakushuka. Ajuza alingoja mpaka jua likamchosha, tukamwingiza garini.

Kilichomtoa pale hatimaye kilikuwa homa. Nilimkuta amelala kivulini mwa bati, macho yamegeuka, na mwanamke mmoja wa pale anampepea kwa kifuniko cha ndoo. Tulimbeba mpaka barabarani. Hospitalini karani aliuliza jamaa yake ni nani, na kabla sijajibu mwenye nyumba, ambaye alikuwa amepelekewa habari na kutukuta huko, aliiweka bakora yake juu ya meza ya karani. "Mimi," akasema. "Niandike mimi." Karani akauliza uhusiano. "Niandike mimi," akarudia, na karani akaandika alichoandika.

Alipona kidogo kidogo, kwenye ukumbi ule, ajuza akimnywesha uji kwa kijiko na kumgombeza. Uani fundi alipiga chokaa. Siku msichana alipoweza kusimama aliingia chumbani, akatoka, akaomba unga. Akaanza tena mahamri. Alizungumza na wateja. Alicheka pale palipostahili kicheko. Mimi niliyemjua niliona kwamba kuna kitu kimezimwa, kama taa ya chumba cha nyuma ambayo mpita njia hawezi kujua haiwaki.

Nilimsumbua mkuu mpaka akatupatia ruhusa ya kwenda Malindi. Tulikwenda likizo ya shule ilipofika. Wale mume na mke walitupokea vizuri kupita kiasi. Yule mama alikuwa amepika pilau, amevaa leso mpya, na alitupakulia mara ya pili kabla hatujamaliza ya kwanza. Alikuwa ametuogopa kuliko sisi tulivyomwogopa yeye. Mtoto alikuwa amesukwa, amenenepa, ana viatu vyenye vifungo. Alipotuona alijificha nyuma ya leso ya yule mama, akachungulia kwa jicho moja.

Msichana wangu hakumwita. Alikaa chini mkekani, akafungua kitambaa cha mahamri, akaweka mbele yake, akazungumza na mimi juu ya safari. Baada ya kitambo mtoto alitoka, akaja akakaa karibu, kisha karibu zaidi. Alikula hamri moja. Akaonyesha daftari lake la shule. Msichana alimshika sikio kwa ncha za vidole, akalitazama ndani, akaliachia.

"Masikio yake hayataki maji," akamwambia yule mama.

"Nimeona," yule mama akasema. "Namtia pamba anapooga."

"Vizuri."

Wakati wa kuondoka tulisindikizwa mpaka nje. Mtoto alitupungia mkono, akasema kwa sauti kubwa na ya furaha, kama alivyofundishwa, "Kwaheri, dada!" Hakukuwa na mlezi wa kumkataza neno lingine pale. Nilimtazama msichana. Alikuwa ameuma mdomo wa chini. Kisha akainama, akamwambia, "Kwaheri, mdogo wangu."

Ndani ya basi alikaa dirishani. Tulipita Gede, tukapita mashamba ya mkonge ya Kilifi, na sikuthubutu kumgusa bega. Karibu na Mtwapa akasema, bila kugeuka, "Mara nyingine nitakwenda peke yangu, mwalimu."

"Naweza kukusindikiza. Sina kazi siku hizo."

"Najua njia," akasema. "Najua basi, najua nauli, najua kuuliza. Ulinifundisha."

Kazi ile ya kuwatayarisha wasichana niliiacha mwaka huohuo, nikarudi kushona tu. Mkuu alinisihi nibaki, akaniambia kwamba nimefanikiwa kuliko yeyote aliyepata kuishika, na akamtaja msichana wangu kuwa mfano: ana chumba, ana biashara, hamtegemei mtu. Yote yalikuwa kweli.

Likizo iliyofuata alipita mlangoni kwangu asubuhi, amevaa buibui jipya, na mfuko wa safari mkononi. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mguu wangu, uliokuwa umeanza kuniuma siku hizo. Nilimuuliza kama anahitaji chochote. Akasema hapana, akaaga, akashika njia kuelekea stesheni.